Ukiotea maswali kumi ya kuchagua, nafasi ya kupata nusu ni ngapi? Tupige hesabu hapa

#1 – Mzee wa Chaki

Wakuu, salaam.

Kuna kauli naisikia kila msimu wa mitihani: "Swali la kuchagua ni kupata au kukosa, kwa hiyo ni nusu kwa nusu." Wanafunzi wanaisema, wazazi wanaisema, na hata ofisi za walimu nimeikuta. Si kweli, na hesabu ya kuipinga haihitaji zaidi ya kuzidisha na kujumlisha. Mnivumilie, bandiko ni refu kidogo.

Chukua sehemu A ya mitihani mingi ya kidato cha nne hapa Tanzania. Swali la kwanza lina vipengele kumi, (i) mpaka (x), kila kimoja na chaguo tano, A mpaka E. Mtahiniwa wetu hajasoma kabisa. Anapiga ana ana ana do, anaandika herufi, anasonga mbele. Kwa kila kipengele nafasi yake ya kupata ni 1/5, ya kukosa ni 4/5. Mambo ni mawili kweli, ila uzito wake haulingani.

Tuanze na maswali matatu ili kila kitu kionekane. Kupata tuite P, kukosa tuite K.

Kukosa yote (KKK) ni 4/5 × 4/5 × 4/5 = 64/125.
Kupata moja kuna njia tatu: PKK, KPK, KKP. Kila njia ni 16/125, jumla 48/125.
Kupata mawili: PPK, PKP, KPP. Kila njia 4/125, jumla 12/125.
Kupata yote: 1/125.

64 + 48 + 12 + 1 = 125. Hesabu imefunga.

Mgawanyo wa binomia ni huo tu, hakuna uchawi mwingine. Unauliza mara mbili: njia ziko ngapi, na kila njia ina uzito gani? Halafu unazidisha. Kwa maandishi ya darasani:

P(X = k) = C(n, k) × p^k × (1 − p)^(n − k)

n ni idadi ya maswali, k ni unayotaka kupata, p ni nafasi ya kupata swali moja, na alama ^ ni kipeo. C(n, k) ndiyo idadi ya njia, na asiyependa faktoria (kuzidisha 1 × 2 × 3 na kuendelea) aichote kwenye pembetatu ya Pascal, ile ambayo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Mswisi Jakob Bernoulli ndiye anayehusishwa zaidi na hesabu hii. Kitabu chake kilichapwa 1713, miaka minane baada ya kufa kwake.

Sasa turudi kwenye kumi. Namna zote za kujaza vipengele kumi vyenye chaguo tano ni 5^10 = 9,765,625. Kati ya hizo, zinazotoa (namba ya kwanza ni njia za kupata, ya pili ni namna za kukosea yaliyobaki, nne kwa kila swali):

sahihi 5: 252 × 1,024 = 258,048
sahihi 6: 210 × 256 = 53,760
sahihi 7: 120 × 64 = 7,680
sahihi 8: 45 × 16 = 720
sahihi 9: 10 × 4 = 40
sahihi 10: 1

Jumla 320,249. Gawanya kwa 9,765,625 unapata 0.0328. Asilimia 3.3, yaani kama mmoja kati ya thelathini. Matokeo yanayotokea mara nyingi kuliko yote ni kupata mawili (asilimia 30.2). Na kutoka na sifuri ni asilimia 10.7, zaidi ya mara tatu ya nafasi ya kufikisha nusu.

Karibuni tujadili.

#2 – Jogoo la Mjini

Nimeweka kiti hapa mbele kabisa. Hesabu nilizikimbia kidato cha pili, leo zimenifuata mpaka kwenye simu.

#3 – Hesabu Chungu

Mkuu, karatasi yako inakubali lakini mtaani haikubali. Mdogo wangu kapata 6 kati ya 10 kwa kuotea, kaapa hakusoma hata mstari. Kwa hesabu yako hiyo ni muujiza.

#4 – Mzee wa Chaki

Hesabu Chungu, si muujiza. Kupata sita au zaidi ni 62,201 kati ya 9,765,625, kama asilimia 0.64. Kidogo, ndiyo. Lakini mdogo wako hakuwa peke yake kwenye chumba cha mtihani.

Weka darasa la watu 60, wote wanaotea. Nafasi kwamba mmoja mmoja atashindwa kufikisha nusu ni 0.9672. Wote 60 washindwe? Zidisha 0.9672 kwa yenyewe mara 60, unapata kama 0.135. Maana yake kuna asilimia 86.5 kwamba angalau mtu mmoja darasani atafikisha nusu kwa bahati tupu. Huyo ndiye atakayesimulia mtaa mzima. Wale waliopata mbili na sifuri hawafungui uzi.

#5 – Binti Mtakwimu

Naongezea jambo kwenye #4. Kuna kuotea na kuotea. Wachache sana wanaotea wakiwa hawana kitu kichwani. Wengi wanajua kidogo, wanakata chaguo mbili ambazo wana hakika si jibu, halafu wanaotea kwenye tatu zilizobaki. Hapo p inatoka 1/5 kwenda 1/3.

Rudia hesabu ya Mzee wa Chaki kwa 1/3: namna zote ni 3^10 = 59,049, zinazotoa nusu au zaidi ni 12,585. Asilimia 21.3! Kutoka mmoja kati ya thelathini hadi mmoja kati ya watano, kwa kujua tu ni zipi SI jibu. Huyo dogo wa #3 nadhani alijua zaidi ya anavyokiri.

Upande wa pili pia upo. Mtunzi mzuri anaweka vipotoshi, yaani chaguo zisizo jibu, vinavyofanana na kosa ambalo mwanafunzi hufanya. Aliyesoma nusunusu anavutwa na kipotoshi na anaweza kupata chini ya moja kwa tano. Ana ana ana do haivutwi na kitu.

#6 – Hesabu Chungu

Dogo anasema "nilikata mbili mbili hivi nikaotea." Haya.

#7 – Mpiga C

Nyie mnajisumbua. Mimi C zote, kuanzia (i) mpaka (x). Mwalimu wetu alisema C ndiyo inatoka sana. Nafasi yangu ni ipi?

#8 – Mzee wa Chaki

Mpiga C, wastani wako ni uleule, maswali mawili. Kama mwongozo wa usahihishaji umepangwa kwa bahati nasibu, C zote ni sawa na kuotea kokote.

#9 – Binti Mtakwimu

Hapo kwenye "kama" nataka tukae kidogo, ndiyo sehemu tamu ya uzi huu.

Mgawanyo wa binomia una masharti: idadi ya majaribio inajulikana, kila jaribio ni kupata au kukosa, p haibadiliki, na jaribio moja haliambukizi jingine. Watu huyataja masharti haya kama kiapo kisha wanayasahau.

Chukulia mtunzi anapenda usawa, kwa hiyo kila herufi anaitumia mara mbili: A mbili, B mbili, C mbili, D mbili, E mbili. Mpiga C atapata ngapi? Mbili. Si wastani wa mbili. Ni mbili kamili, kila mwaka, hapungui wala hazidi. Nafasi yake ya kufikisha nusu ni sifuri, na ya kutoka kapa pia ni sifuri. Binomia haipo hapo kabisa.

Mtihani huohuo mpe anayepiga ana ana ana do kwa haki (nasema kwa haki kwa sababu wengi huanza kuhesabia palepale na kuishia palepale). Yeye bado ana asilimia 3.3. Mwongozo ukiwa na mpangilio wa aina yoyote ile, hata ukiwa A tupu kumi, mkono unaochagua bila upendeleo unabaki na 1/5 kila swali, na swali la tatu halijui kilichotokea la pili.

Kwa hiyo kabla hujachukua fomula jiulize bahati iko upande gani. Iko kwenye mkono wa anayeotea, au kwenye mwongozo wa mtunzi? Ikiwa kwenye mkono, fomula inasimama bila kumtegemea mtunzi. Ukiwa na mkono uliokufa kama wa Mpiga C, unategemea mtunzi aliupangaje.

#10 – Mpiga C

Kwa hiyo nimekuwa nikinunua mbili kwa uhakika. Si mbaya.

#11 – Mwana wa Kwale

Hamjambo wa huko. Sisi Kenya tulikuwa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mpaka 2023, na Hisabati ilikuwa maswali 50, chaguo nne, A hadi D. Huku watoto husema chaguo zikiwa nne ni rahisi kuliko tano. Mwalimu, kuotea nusu ya hamsini kunakuwaje?

#12 – Mzee wa Chaki

Mwana wa Kwale, hatujambo. Swali zuri kwa sababu linaonyesha kitu ambacho chaguo nne au tano haziwezi kukificha: wingi wa maswali unaua bahati.

Kwa p = 1/4 na maswali 50, wastani ni 12.5. Kufikisha 25 au zaidi kwa kuotea tupu ni kama 0.00012, yaani watu 12 kati ya laki moja. Linganisha na kumi za kwetu ambako ni 3,279 kati ya laki moja, ingawa chaguo zetu ni tano.

Nikibaki na chaguo tano na kuongeza maswali tu, nafasi ya kufikisha nusu inakwenda hivi: maswali 10, asilimia 3.28. Maswali 20, asilimia 0.26. Maswali 50, watu wawili kati ya milioni.

Sasa rudi kwenye mfano wa darasa. KCPE ya mwisho ilikuwa na watahiniwa zaidi ya milioni 1.4. Tuseme wote wameotea karatasi ya Hisabati, jambo ambalo halikutokea. Zidisha: watu kama 170 wangefikisha nusu. Mtu mmoja mmoja, ni kama haiwezekani. Kwa nchi nzima, ingekuwa ajabu wasipatikane.

#13 – Mkeka Mzima

Tuache mitihani, tuje kwenye maisha. Jakipoti ya mechi 13, kila mechi 1 (mwenyeji ashinde), X (sare) au 2 (mgeni ashinde). Nipeni hesabu nijue kama niendelee.

#14 – Jogoo la Mjini

Nilikuwa nakusubiri wewe. Uzi wa hesabu haufiki ukurasa wa pili bila mkeka.

#15 – Mzee wa Chaki

Ukiotea tupu p = 1/3. Namna zote ni 3^13 = 1,594,323. Inayopata zote 13 ni moja. Kwa kuwa jakipoti nyingi zina bonasi kuanzia 10:

sahihi 10: 286 × 8 = 2,288
sahihi 11: 78 × 4 = 312
sahihi 12: 13 × 2 = 26
sahihi 13: 1

Jumla 2,627. Kugusa bonasi yoyote ni kama mmoja kati ya 607. Zote 13 ni mmoja kati ya milioni 1.6.

#16 – Mkeka Mzima

Mimi siotei mkuu, nafuatilia ligi. Nusu ya mechi napata.

#17 – Binti Mtakwimu

Basi tukupe nusu yako. p = 1/2, namna 2^13 = 8,192. Zinazofikisha 10 au zaidi ni 286 + 78 + 13 + 1 = 378, asilimia 4.6. Zote 13 bado ni mmoja kati ya 8,192. Na mechi za jakipoti huchaguliwa zile za kusumbua, si za timu kubwa ikicheza nyumbani na inayoburuza mkia, kwa hiyo nusu yako ya kawaida sidhani kama inafika huko.

Halafu kiukweli p ya mechi hizi haifanani: hii 0.6, ile 0.4, nyingine 0.35. Fomula ya binomia inataka p moja. Zikiwa tofauti, unazidisha nafasi za mechi moja moja kupata zote 13, na kwa 10 au zaidi unahitaji kompyuta. Alichoandika Mzee wa Chaki ni cha mtu anayejaza bila kutazama timu.

#18 – Mkeka Mzima

Mmenichania mkeka kabla mechi hazijaanza.

#19 – Mpwa wa Bahari

Na yule pweza je? Kombe la Dunia 2010, Paul wa kule Oberhausen, Ujerumani. Anawekewa visanduku viwili vyenye bendera na chakula ndani, anachokiingia ndiyo mshindi. Mechi saba za Ujerumani zote, pamoja na walivyofungwa na Serbia na Hispania, halafu na fainali. Nane kwa nane. Huku kwetu pweza tunamla, kumbe tunakula nabii.

#20 – Mzee wa Chaki

Kwa visanduku viwili, nane kwa nane ni (1/2)^8 = 1/256, asilimia 0.39. Hakuwa na kisanduku cha sare, na bahati yake hakuna mechi yoyote kati ya zile tatu za makundi iliyoisha sare.

Lakini kabla ya hapo, Ulaya 2008, alipata nne kati ya sita. Ukiziweka pamoja ni 12 kati ya 14: (91 + 14 + 1) / 16,384 = asilimia 0.65. Bado ni ndogo. Ila tufanye kama tulivyofanya darasani: wangapi walikuwa wanabashiri? Wanyama 256 wakitiwa kazini, kwa wastani mmoja atatoka nane kwa nane, na kamera zitamwendea huyo. Sisi tulimjua Paul baada ya kuanza kupata.

#21 – Mpwa wa Bahari

Kwa hiyo yule mama wa chai naye ni hivyohivyo? Nilifundishwa chuo: Uingereza, kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, mama mmoja akasema akionja anajua kama maziwa yametangulia kikombeni au chai. Vikombe nane. Kama alipata vyote, ni 1/256 pia.

#22 – Binti Mtakwimu

Hapana, na hapa ndipo #9 inaporudi. Mama ni Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani, na aliyemwandalia jaribio ni mtakwimu Ronald Fisher, miaka ya 1920; Fisher akaeleza jaribio la aina hiyo kwenye kitabu chake cha 1935. Vikombe vilikuwa nane, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, NA mwonjaji aliambiwa hivyo. Kwa hiyo hajibu maswali nane yasiyojuana. Anachagua kundi la vinne kati ya nane. Njia ni 70, ya kweli ni moja. Nafasi ya kuotea yote ni 1/70, siyo 1/256.

Akishajua vinne vya kwanza, vilivyobaki vimejijibu. Hata haiwezekani akosee kikombe kimoja tu: akikosea kimoja amekosea na mwenzake. Kwenye binomia kupata saba kati ya nane kunawezekana, kwenye jaribio la chai hakupo. Nane ya Paul na nane ya chai zinafanana kwa idadi tu.

Sisi tunaochemsha maziwa na majani sufuria moja jaribio hili halituhusu.

#23 – Mwana wa Kwale

Hiyo ya mwisho nimecheka. Swali lingine: mbona wasikate alama kwa jibu baya, kuotea kukome?

#24 – Mzee wa Chaki

Wapo wanaokata. SAT, mtihani wa kuingia chuo kikuu Marekani, kabla ya kubadilishwa 2016, ilikuwa na chaguo tano na ikikata robo alama kwa kosa. Anayeotea: 1/5 × 1 − 4/5 × 1/4 = 0. Wastani sifuri kamili, ndivyo ilivyokusudiwa. Lakini aliyekata chaguo mbili: 1/3 − 2/3 × 1/4 = 1/6. Bado anafaidika kuotea, na kwa maoni yangu ni haki yake, maana anajua kitu.

India, mtihani wa kuingia udaktari wa NEET unatoa alama 4 kwa sahihi na kukata 1 kwa kosa, chaguo nne. 1/4 × 4 − 3/4 × 1 = +0.25. Yaani hata asiyejua lolote wastani wake ni robo alama kwa swali. Kwa maswali 180 ni 45 kati ya 720. Adhabu ipo lakini haitoshi kumzuia.

Mimi binafsi siipendi adhabu. Inamtisha mwoga mwenye ujuzi kuliko jasiri asiye nao.

#25 – Mama Darasa la Nne

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu wa msingi, natunga majaribio ya wiki. Huwa naweka kweli/si kweli 20 kwa sababu ni rahisi kusahihisha, na pasi ni 10. Nimesoma uzi huu mpaka nimeingiwa na wasiwasi.

#26 – Mzee wa Chaki

Marahaba, Mwalimu. Wasiwasi wako una msingi. Kweli/si kweli 20, kupata 10 au zaidi kwa kuotea ni asilimia 58.8. Zaidi ya nusu ya wasiojua kitu wanafaulu. Inazidi hamsini kwa sababu kumi kamili yenyewe inahesabiwa upande wa kufaulu.

Njia ya kwanza, pandisha mstari. Pasi ikiwa 15, waoteaji wanaopita ni asilimia 2.1. Ikiwa 16, ni 0.6. Njia ya pili, badilisha ziwe za chaguo nne, pasi ibaki 10 kati ya 20: asilimia 1.4.

Kwenye Excel huhitaji pembetatu ya Pascal. Andika =1-BINOM.DIST(9,20,0.25,TRUE) itakupa hiyo ya mwisho. Tisa ni namba moja chini ya pasi yako, ishirini ni maswali, 0.25 ni nafasi ya kuotea swali moja.

#27 – Mama Darasa la Nne

Kutunga chaguo nne kwa maswali 20 kila wiki, na watoto wangu ni 90, sina muda huo. Napandisha pasi iwe 15, nitawaeleza wazazi kwenye kikao.

#28 – Binti Mtakwimu

Kwa watoto 90, Mwalimu, kwa pasi ya 15 tarajia wawili hivi wapite kwa bahati kama wote wangeotea. Usiwatafute, hutawajua kwa jaribio moja. Wiki ijayo wape jingine: kwa mwoteaji, kupita mara mbili mfululizo ni 0.0207 × 0.0207, kama wanne kati ya elfu kumi.